Jina la Kwanza Daftarini

Gazeti letu halina karatasi.
Lina daftari la kurasa tisini na sita,
jalada la bluu, kona zimeliwa na mende,
na ndani yake majina ya watu
wanaolipa shilingi mia tano kila wiki
ili Nandudu awaandikie kilichotokea
Jumamosi, kiwanja cha Namakwekwe,
ambako kamera haijawahi kukanyaga.

Mwaka wa kwanza tulikuwa na kumi na mmoja.
"Timu kamili," akasema, "ila haina wa akiba."
Mimi nilichaji simu za watu Barabara ya Kumi,
yeye aliandika nyuma ya kibanda, kakalia betri ya gari,
kidole gumba kikimshinda winga kwa mbio.
Mbale nzima ikacheka: nani anunue habari
na matokeo yapo bure kila mdomo?
Akajibu: matokeo ni mfupa.
Mimi nauza mchuzi.

Jina la kwanza ni Mama Wamono.
Hajui kusoma. Anauza malewa sokoni,
na mwanawe ndiye kipa wa Nkoma.
Jirani humsomea, yeye hukata malewa,
na akisikia "Wamono akaruka"
kisu husimama hewani
mpaka mpira utue mikononi.

Arobaini. Mia na sita.
Kisha Chelangat wa Kapchorwa akashinda mbio za mlima
kwa viatu vya kuazima, kimoja kikubwa kuliko mwenzake,
na Nandudu akaandika habari za viatu.
Usiku ule simu ililia
kama mvua ya kwanza juu ya bati:
mia tano, mia tano, mia tano,
toka Kween, toka Bukwo,
toka kwa askari aliye zamu Mogadishu
aliyelipia mwaka mzima, akaomba tu:
andikeni na mvua, kama ilinyesha.

Ukaja mwezi wa nane, mwaka wa tohara,
vijana wote barabarani, njuga mapajani.
Nani asome netiboli?
Betri tukaiweka rehani.
Ndipo akaja bwana wa nyumba ya kamari,
viatu vyake vikiogopa matope yetu,
akaweka bahasha mezani:
"Gazeti liwe bure kwa wote, nalipia mimi.
Ninyi, Ijumaa, nidokezeni tu
kipa gani anachechemea."
Niliihesabu bahasha kwa macho.
Nakiri, niliihesabu mara mbili.
Nandudu akafungua daftari, akamsomea majina,
yote, polepole, kama mwalimu anayeita mahudhurio,
mpaka chai ikapoa na bwana akaondoka.
Hatukusemezana siku tatu, mimi na yeye.

Leo ni elfu mbili mia tatu na ushee.
Tuko kwenye daftari la nne.
Amongin anatuandikia toka Soroti,
tuna kompyuta ambayo herufi W imekufa,
kila Wamono tunamwazima kwenye habari ya jana.

Na wiki moja Wamono akafungwa manne.
Nandudu aliutazama mlima Wanale
mpaka ukajifunika wingu, kisha akaandika:
"La tatu lilipita katikati ya miguu yake
kama kuku anayeingia nyumbani kwao."

Jumatatu, jina la kwanza halikulipa.
Wiki ya pili, kimya. Ya tatu,
nikasema: ongeza japo neno la kumpoza mama.
Akasema: nilikuwepo. Lilipita katikati.

Ya nne, saa mbili asubuhi, simu ikalia.
Mia tano, na ujumbe kwa mkono wa jirani,
maana ulikuwa na nukta zote:
"Nimelipa. Kuku haingii hivyo.
Huinama kwanza, akachungulia.
Jumamosi mtazame vizuri."

Nikaweka alama ya vema.
Nilipogeuka kumwonyesha Nandudu
alikuwa ameshatoka
kutafuta kuku.